Jiko Lisilopika Nyama

Nyinyi mnaosomea upishi hapa Migori huja kwangu Jumapili, mnakunywa chai yangu, halafu mnaanza ubishi wenu. Mmoja ameacha nyama kabisa. Mwingine anamcheka na kumwuliza kama atakula majani mpaka aote pembe. Wa tatu anatoa simu awaonyeshe alivyosema daktari fulani. Juzi mkaniuliza bibi yenu niko upande gani, nikawaambia nina usingizi. Sikuwa na usingizi. Nilikuwa nimewakumbuka watu wawili waliobishana jambo hilohilo mbele yangu, na sikutaka kuwasimulia habari zao huku mnacheka.

Leo nitasimulia. Mimi nimepika maisha yangu yote, na sehemu kubwa ya maisha hayo nimepika katika jiko ambalo nyama haikuvuka mlango wake. Ilikuwa hospitali ya misheni, juu ya kilima, ukitoka hapa mjini kuelekea Kisii. Wenyewe walikuwa Wasabato, na wazungu walioianzisha hawakula nyama, kwa hiyo hata mgonjwa hakupikiwa. Hakuna aliyekatazwa kula nyumbani kwake. Ila ndani ya ua wa hospitali, sufuria zilikuwa za maharagwe, kunde, njugu, mboga, maziwa na mayai.

Niliingia pale katika miaka ya kwanza baada ya Uhuru. Mume wangu alikuwa seremala wa hospitali, na tulikuwa tumepanga chumba nje ya ua. Mimi ni Mkatoliki wa Uriri, binti wa mtu aliyefuga ng'ombe. Kwetu, siku isiyo na nyama ilikuwa Ijumaa, na hata hiyo tuliilalamikia. Nilipoambiwa kwamba jikoni pale kila siku ni Ijumaa, nilifikiri nimesikia vibaya.

Mpishi mkuu aliitwa Zablon. Tulimwita Ndugu Zablon, kwa kuwa ndivyo wenyewe walivyoitana. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini, na vidole vilivyozoea moto mpaka havikusikia tena. Aligeuza chapati kwenye chuma kwa mkono mtupu huku akikuuliza habari za nyumbani.

Wiki yangu ya kwanza niliona kabichi ya wagonjwa haina ladha. Nikatoka nyumbani na mkebe wa mafuta ya ng'ombe, yale tuliyoyayeyusha wenyewe, nikakaangia vitunguu. Niliona nimewafanyia watu wema. Zablon aliingia, akasimama mlangoni, pua yake ikafanya kazi.

"Mama Achieng', ng'ombe gani amepita hapa?"

Nikamwambia hakuna ng'ombe, ni mafuta tu. Hakunigombeza. Alibeba sufuria nzima akawapelekea vibarua waliokuwa wakijenga wodi mpya, kisha akarudi, akaosha kisu, tukaanza kukata kabichi upya. Wagonjwa walikula wakiwa wamechelewa sana siku hiyo. Vibarua kwa upande wao walikuja kuniuliza kama nitakosea tena kesho.

Baada ya hapo ndipo alipoanza kunifundisha. Mengi ninayowafundisha nyinyi ni yake. Loweka maharagwe usiku, na maji uliyolowekea uyamwage, usiyapikie, ndipo mgonjwa asijae tumbo gesi. Chumvi ngoja mpaka maharagwe yalainike, maana ukiitia mapema ganda hukaza. Njugu zikaange kwa moto mdogo mpaka zianze kunukia, uzitoe hapohapo, kwa sababu zinaendelea kuiva zenyewe ukiwa umeshazitoa. Osuga, yaani mnavu, ni chungu, kwa hiyo chemsha, mimina maziwa, ilale, kesho uipashe, na keshokutwa iwe tamu zaidi. Siku hizi mna sufuria ya mvuke inayopiga filimbi, maharagwe yanaiva kabla hujamaliza kukatakata kitunguu. Ni jambo zuri. Lakini onjeni maharagwe hayo na mniambie kama supu yake ni nzito kama ya moto wa kuni.

Msifikiri pale palikuwa na amani kuhusu chakula. Jamaa za wagonjwa waliingiza nyama iliyokaushwa ndani ya nguo, chini ya blanketi, mmoja hata ndani ya mto. Manesi walijua wakinyamaza. Mchungaji mwenyewe alikula kuku nyumbani kwake na hakuficha, akisema Maandiko yanakataza nguruwe na kambare, hayakatazi kuku wala ng'ombe. Mume wangu alimwuliza Zablon siku moja kwa nini basi yeye hagusi hata kuku.

"Kila mtu na tumbo lake, fundi," Zablon alijibu, akabadilisha mazungumzo.

Nilidhani ni ucha Mungu. Wote tulidhani hivyo.

Ndipo akaletwa baba yake. Jina lake Ogola, nasi tulimwita Jaduong', kama tunavyomwita mzee wa heshima. Alitoka Ndhiwa, upande wa Homa Bay, na ujana wake wote alikuwa akinunua ng'ombe kwenye mnada wa Ogwedhi na kuwaswaga mpaka kwao kwa miguu. Alikuwa amekonda, macho ya manjano, tumbo limevimba. Daktari alimpa kitanda karibu na dirisha, na chakula chake Zablon alikipeleka mwenyewe kila mchana, mimi nikimfuata nimebeba sinia za wengine.

Mzee yule alichangamsha wodi. Siku ya tatu au ya nne alimtazama mwanawe akimwekea bakuli, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Zablon, hospitali yenu imenifanya ndama. Asubuhi maziwa, mchana majani, jioni majani yenye maziwa."

"Na umeanza kupata nguvu, baba."

"Ndama pia hupata nguvu. Lakini unajua anachonenepeshewa."

Wodi nzima ilicheka, hata Zablon. Wakati ule nilifikiri wanapendana bila shida. Nami naamini mpaka leo kwamba walipendana, na hapo ndipo uchungu wa habari hii ulipo.

Siku moja Jaduong' hakugusa chakula. Zablon alikuwa amemtengenezea njugu za kusagwa na kunde changa, kitu ambacho mimi ningekila nikiwa nimeshiba. Mzee alisukuma bakuli pembeni.

"Nataka supu," alisema. "Mfupa wa mguu, na nyama yenye mafuta kidogo. Nataka uipike wewe."

"Dada zangu wanakuja keshokutwa. Watakuletea."

"Dada zako wamenipikia miaka yote. Nimesema wewe."

"Baba, unajua mimi sipiki nyama."

"Mchungaji wako anakula kuku. Nimeuliza."

"Yeye ni yeye, na mimi ni mimi."

Mzee alijiinua, akaegemea ukuta. Hakupaza sauti. Alizungumza kama mtu aliyepanga maneno yake kwa muda mrefu.

"Ng'ombe ndio waliomleta mama yako kwangu. Ng'ombe ndio waliokulipia shule. Mgeni akija ninamchinjia ili ajue nimefurahi. Watu wakikosana tunachinja ili wakae tena pamoja kwenye moto mmoja. Wewe ukikataa nyama hujakataa chakula, umekataa kukaa nasi. Tulipomzika mama yako, ulikaa peke yako na sahani yako ya mahindi na maharagwe, watu wakaniuliza yule ni mgeni wa nani."

"Watu wanaweza kupatana bila mtu kumwaga damu," Zablon alisema. "Wanaweza kupatana kwa njugu. Mnyama hakuwaomba mkosane."

Mgonjwa mmoja alicheka, kisha akanyamaza alipoona hakuna anayecheka naye.

"Na nyama hiyo unayoisifu," Zablon aliendelea, "imeleta mambo katika boma letu ambayo..." Hapo akaishia.

"Maliza."

"Basi, baba. Kula kidogo."

"Maliza, Zablon. Mtaje Okeyo."

Nilikuwa kitanda cha tatu kutoka pale, nikiwa na sinia mkononi, na sikujua niende wapi. Nitawaeleza sasa Okeyo alikuwa nani, kama nilivyokuja kuelewa siku hiyo na siku zilizofuata.

Okeyo alikuwa mdogo wake Zablon, kitinda mimba wa mama yao. Mwaka mmoja wa njaa, Zablon akiwa kijana ambaye hajaoa, ng'ombe wao jike alianguka malishoni akafa ghafla, damu ikimtoka puani. Zablon alimwambia baba yake ng'ombe yule azikwe. Mzee alikataa. Watoto walilala bila kula, na nyama ilikuwa imelala pale kwenye majani. Kila mtu siku zile alifanya vile. Akaamuru achunwe, nyama ikagawanywa, nyingine ikatundikwa juu ya moto ikauke. Okeyo ndiye aliyeshika kisu cha kuchunia. Kumbe ulikuwa ugonjwa wa kimeta. Kidonda cheusi kilimtoka shingoni, shingo ikavimba, homa ikampanda, na alizikwa kabla nyama ile haijakauka. Wengine waliokula walinusurika, Zablon akiwa mmoja wao. Tangu siku ile hakuweka tena nyama kinywani. Dini ya Sabato aliikuta baadaye, na akaona huko kuna watu ambao hawatamwuliza sababu.

Basi pale wodini mzee alimtazama mwanawe usoni.

"Miaka yote unakula maharagwe," alisema, "na kila punje unayotafuna unaniambia mimi ndiye niliyemuua mtoto wangu."

"Sijawahi kusema hivyo."

"Ndiyo, hujasema. Ungesema ningekujibu. Ningekuambia kwamba hata mimi najiambia. Lakini umekaa kimya na sahani yako, mimi nimekaa kimya na yangu, mama yako ametuacha, na sasa mimi naye tunakaribia kuonana. Nipikie supu, mwanangu. Niinywe kutoka mkononi mwako."

Hata mimi niliyekuwa mgeni wa mambo yao nilielewa kwamba mzee yule hakuwa anaomba chakula. Zablon pia alielewa. Aliinama, akachukua bakuli la kunde, akalifunika na sahani, akatoka.

Jikoni alisimama mbele ya sufuria ya uji uliokwisha kuiva, akikoroga. Nikamwambia, "Ndugu Zablon, njoo upikie kwangu. Jiko langu si la misheni. Nyama nitaishika mimi, nitaikata mimi, wewe utaweka maji na chumvi na kuangalia moto. Utampelekea."

"Atajua sikuishika."

"Basi ishike."

Aliendelea kukoroga.

Daktari alimwita jioni ile. Alimwambia ini la mzee limeharibika, kwamba hapakuwa na dawa ya kulirudisha, na mgonjwa wa namna hiyo apewe anachotamani, mradi kipikwe nje ya ua. Mchungaji naye alikuja jikoni, akaketi kwenye gunia la mahindi, akamwambia Mungu hana neno na supu hiyo. Kwa hiyo msiseme ni dini iliyomzuia. Milango yote ilikuwa wazi.

Kesho yake aliomba ruhusa, akashuka Migori mjini. Nilibandika maji kwangu nikimngoja. Alirudi karibu na adhuhuri na mkungu wa ndizi mbivu. Aliuweka mezani, akavaa aproni yake.

"Nilifika buchani," aliniambia. "Nilisimama kwenye foleni mpaka zamu yangu. Mwenye bucha akaniuliza nataka wapi. Nilitazama zile shingo zimening'inia kwenye ndoano, sikuona ng'ombe."

Sikumwuliza aliona nini.

Dada zake walipokuja walileta kitoweo. Mzee alikionja kwa heshima yao akakiacha. Mimi nami sikuvumilia. Nilinunua mfupa wa mguu na nyama ya kifua, nikaipika taratibu tangu alfajiri, nikitoa povu, bila kuongeza kitu ila chumvi na kitunguu, nikampelekea ikiwa moto. Alishika bakuli kwa mikono miwili, akavuta harufu yake, akafumba macho.

"Nani amepika?"

Ningeweza kumdanganya. Mpaka leo kuna siku najiuliza kama ningemdanganya angekufa ametulia. Lakini alikuwa akinitazama.

"Ni mimi, Jaduong'."

"Ahsante, mke wa fundi. Una mkono mzuri, pua yangu imeniambia. Mpe huyu jirani yangu, hajatembelewa na mtu tangu afike."

Jirani yule aliimaliza yote, akalamba na kijiko. Mzee alimtazama akinywa na akaonekana kufurahi.

Wanawe wengine walikuja kumchukua akafie nyumbani. Walimpandisha kwenye gari la mizigo lililowekwa godoro. Zablon alimfungia mfuko wa njugu alizozikaanga mwenyewe, na mzee aliupokea, akauweka kifuani ndani ya koti. Nilitumaini watasema neno. Jaduong' alimwuliza, "Utakuja lini?" Zablon akasema, "Likizo ya Desemba, baba." Mzee akaitikia kwa kichwa. Gari likashuka kilima, na Zablon akarudi jikoni kwa sababu ilikuwa saa ya chakula cha mchana na watu walikuwa wakisubiri.

Desemba haikumkuta mzee.

Mnaponiuliza niko upande gani, ndiyo maana nasema nina usingizi. Mimi nakula nyama, kidogo, kwa meno haya niliyobaki nayo. Nimewaona watu walioishi miaka mingi na afya njema kwa maharagwe ya Zablon, na nimemsikia Jaduong' akieleza ng'ombe ni nini kwa watu wetu, na sikuweza kumpinga hata mmoja wao. Kama wangekuwa wanabishana juu ya nyama tu, wangeubeba ubishi wao maisha yote bila dhara. Ninachojutia ni kwamba walikuwa na neno moja la kuambiana, wakalizungushia chakula pande zote mpaka hawakuweza kulifikia. Kama mpishi, nimeona hilo katika nyumba nyingi. Yule asiyekula kwenu, muulizeni kwa upole kabla hamjamcheka. Na wewe usiyekula, mwambie mama yako sababu, usimwachie abahatishe mwenyewe.

Tulikwenda kwenye mazishi ya Jaduong' kwa gari la hospitali, mchungaji, mume wangu, mimi na wengine wachache. Tulipitia Homa Bay kuwachukua jamaa zake wa mjini, kisha tukaingia Ndhiwa. Boma lilikuwa limejaa. Fahali mkubwa, aliyenunuliwa Ogwedhi, alikuwa amefungwa kando ya ghala. Kwao, mtoto wa kiume wa kwanza ndiye anayesimamia nyama ya baba yake, anayejua kifua ni cha nani, mbavu ni za nani, na wazee wapewe nini kwanza. Wadogo zake, kwa kumjua, walikuwa wamekwisha kumwomba amu yao afanye kazi hiyo, na walikuwa wamemwandalia Zablon sufuria yake ndogo ya maharagwe pembeni. Hakuna aliyetaka kumwaibisha.

Fahali alipokwisha kuchinjwa, amu yao alinyoosha kisu akaanza kuchuna. Zablon alivua koti. Alimpa mkewe, akakunja mikono ya shati, akamwendea amu yake.

"Nipe, baba mdogo."

"Si lazima, Zablon. Sisi tunajua ulivyo."

"Nipe kisu."

Akapewa. Alichuna fahali yule mwenyewe, akafungua tumbo, akatoa ini akaligeuza na kulikagua kila upande, akatenga viungo, akakata. Damu ilimfika kwenye viwiko. Hakukosea fungu la mtu yeyote. Ya wajomba, ya wakwe, ya wanawake waliolia usiku kucha, yote aliyakumbuka, yeye ambaye hakuwa amekaa kwenye moto wao tangu ujana. Kisha akasimama kwenye chungu kikubwa, akatia chumvi bila kuonja, akapakua kwa mkono wake mpaka mtu wa mwisho. Wazee waliinywa supu ile polepole wakitazamana. Mmoja alisema haijapikwa nyingine kama hiyo katika boma la Ogola.

Yeye hakula. Hata maharagwe yake hakuyagusa.

Watu walipokuwa wameshiba, nilimkuta nyuma ya ghala akitafuta maji. Nikachukua birika nimnawishe. Alinyoosha mikono, nami nikamimina.

"Nimepikia ukoo mzima, Mama Achieng'," alisema. "Yeye aliniomba bakuli moja."

Mikono yake ilikuwa imeshatakata, lakini aliendelea kuisugua, nami nikaendelea kumimina mpaka birika likaisha.